Maneno Yasiyo na Leseni: Mjadala wa Siasa Kariakoo kutoka Kwetu hadi WhatsApp

Katika mabishano yetu ya miaka hii kuhusu blogu na mitandao ya kijamii, zipo kauli mbili zinazorudiwa hadi zimekuwa kama dua. Ya kwanza inasema mitandao imempa mwananchi wa kawaida sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo. Ya pili inasema mitandao imetuletea matusi, uzushi na uchochezi ambao hatukuwahi kuujua. Wanaozitamka hugombana vikali, lakini wamekubaliana jambo moja bila kujua: kwamba kabla ya intaneti palikuwa kimya.

Kwa yeyote anayeisoma historia ya Dar es Salaam, na hasa ya Kariakoo, kimya hicho hakionekani popote. Kilichobadilika mara kwa mara ni njia zilizopitisha maneno ya watu, na nani alikuwa na uwezo wa kuzifunga. Hoja yangu ni kwamba kila mara dola ilipoifanya njia ya maandishi kuwa ghali au ya hatari, mjadala ulihamia njia isiyoandikwa na ukaendelea huko. Gharama ya kuhama hulipwa baadaye, na wale wanaotaka kujua ni nini kilisemwa na ni nani aliyekisema.

Jina la Kariakoo lenyewe lilizaliwa na vita. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, eneo hili liliwekwa kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi na kufa kwa maelfu. Baadaye wapanga miji wa kikoloni waliugawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na mji wa Waafrika, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kama mpaka. Walikusudia kutenga. Walichopata ni mkusanyiko wa watu wa makabila mengi katika nyumba za vyumba sita, wenye lugha moja ya kuzungumza barazani na malalamiko yanayofanana. Sijui mpango bora zaidi wa kuzalisha siasa.

Gazeti la kwanza lililomilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika lilitoka katika mazingira hayo. Erica Fiah, Muganda mwenye duka, aliyekwisha kuanzisha chama cha maslahi na biashara cha Waafrika mwaka 1934, alianza kutoa Kwetu Novemba 1937. Serikali ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Mambo Leo, tangu 1923, na hilo lilikuwa na mashairi, barua za wasomaji, mafunzo ya kilimo na ya usafi. Fiah aliandika yale ambayo Mambo Leo halikuweza kuyaandika: ujira mdogo, bei za maduka, dharau ya maofisa, na swali la kwa nini mwenyeji awe wa mwisho katika nchi yake. Alikuwa mtu mgumu, mwenye ugomvi na viongozi wenzake, na si kila alilolisema kuhusu Wahindi wa mjini lingependeza kusomwa leo. Lakini aliandika kwa jina lake. Miaka zaidi ya 80 baadaye tunaweza kumsoma, kumpinga na kumnukuu. Wanahistoria wote wakubwa wa mji huu wamepitia kurasa za Kwetu, kwa sababu karatasi zilibaki.

Sasa tazama yaliyotokea miaka ya 1950. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining iliwakataza watumishi wake kujihusisha na vyama vya siasa. Wasomaji wangu walio maofisini wataelewa uzito wa katazo hilo, maana karibu kila Mwafrika aliyejua kuandika ripoti, kutunza daftari au kupiga taipu alikuwa mtumishi wa serikali. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo la chama Mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, ilizaliwa ikiwa imekatwa mkono wa kuandikia. Zaidi ya hapo, matawi yake yalipaswa kusajiliwa, na kadhaa yalinyimwa usajili. Kwa hesabu za kiofisi, chama hicho kilipaswa kudumaa.

Kilichokiokoa hakikuwa na usajili wowote wa kisiasa. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na wanawake wa vilabu vya taarabu, Egyptian na Al Watan. Aliwaendea wapika maandazi na wapika pombe, watu waliozoea kuchangishana, kualikana na kupeana habari kutoka uani hadi uani. Ilipofika Oktoba ya mwaka huo, wanawake wanachama walihesabiwa kuwa 5,000 hivi. Hakuna katibu wa wilaya ambaye angeweza kuufuta usajili wa lelemama. Habari ya mkutano ilipita katika nyimbo, katika harusi, katika kisima na katika foleni ya sokoni, na watu wakafika.

Tunapouliza leo kama mtandao wa kijamii unaweza kujenga siasa, jibu la Kariakoo lilikwisha kutolewa kabla ya nyaya za simu kufika katika nyua hizo. Ila kuna upande wa pili wa habari hii ambao wanaharakati huwa hawapendi kuutaja. Yale wanawake hao waliyoyajadili, masharti waliyoyaweka, mashaka waliyokuwa nayo kuhusu vijana wasomi wa chama, hayakuandikwa. Historia rasmi ya TANU ilipotungwa, iliwajaza wanaume waliokuwa na minyambuliko mizuri ya Kiingereza na mafaili ya barua. Wanawake waligeuka kuwa umati uliopiga vigelegele. Ilibidi mtafiti Susan Geiger aanze kumhoji Bibi Titi mwaka 1984, karibu miaka 30 baadaye, na kitabu chake kitoke 1997, ndipo tuanze kusikia kwamba wale wapika maandazi walikuwa na fikra zao wenyewe kuhusu taifa. Wakati huo wengi wao walikuwa wamekufa.

Njia ya maandishi nayo ilikuwa na adhabu zake. Mwaka 1958 wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Mwaka huohuo Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai kwa sababu ya makala iliyowashutumu maofisa wa wilaya, katika Sauti ya TANU. Jarida hilo lilikuwa karatasi za stensili tu, zikichapwa na kusambazwa na chama chenyewe. Kwa umbo na kwa ukali, naliona kuwa babu halali wa blogu zetu: mwandishi ndiye mhariri, ndiye mchapaji, na ndiye anayeitwa polisi. Wakili D. N. Pritt alikuja kutoka Uingereza kumtetea. Agosti 1958 Nyerere alihukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6; faini ikalipwa. Kesi ile iliacha majalada, hoja za mawakili na maneno yenyewe yaliyoshtakiwa. Hata mashtaka huhifadhi.

Miaka ya baada ya uhuru nitaipita haraka, kwa kuwa imeandikwa sana. Mwaka 1968 sheria ya magazeti iliyorithiwa kwa mkoloni ilirekebishwa ili Rais aweze kufungia gazeti. Mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Magazeti, na mamlaka ya kufungia yakabaki. Ngurumo, gazeti la watu binafsi lililopendwa sana mitaani tangu 1959, lilikoma mwaka huohuo wa 1976. Nchi ikabaki na magazeti ya chama na ya serikali, na Redio Tanzania. Ndipo Kariakoo ikaipa jina njia yake ya zamani: redio mbao. Kwenye vijiwe vya kahawa na kashata palijadiliwa uhaba wa sukari, vita vya Uganda, nani kaondolewa na kwa nini. Nani anaweza leo kuandika tasnifu kuhusu redio mbao ya mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi uliotikisa kila duka la Mtaa wa Msimbazi? Tunayo hotuba za viongozi. Majibu ya barazani hatunayo.

Kwa hiyo blogu zilipokuja, zilileta kitu adimu kuliko uhuru wa kusema. Zilileta mazungumzo ya kijiweni yenye tarehe, yenye jina hata kama ni la kubuni, na yanayoweza kusomwa tena. Ndesanjo Macha alianza Jikomboe mwaka 2004 akiwa Marekani, akaandika kwa Kiswahili wakati wengi waliamini kuwa intaneti ni mali ya Kiingereza. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti, alifungua blogu yake, na chini ya kila picha ya harusi, ya msiba au ya ziara ya kiongozi, Watanzania wa Tandika na wa Minnesota wakagombana kuhusu nchi yao. Mwaka 2006 likaja jukwaa la Jambo Forums, ambalo mwaka 2008 lilichukua jina la JamiiForums.

Miaka ya 2007 na 2008 ndiyo iliyoonyesha uzito wa njia hiyo mpya. Septemba 2007 Dkt. Willibrod Slaa alisoma hadharani pale Mwembeyanga, Temeke, orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, ikiwamo kashfa ya akaunti ya EPA katika Benki Kuu. Nyaraka na hoja za kashfa hizo zilikuwa zikijadiliwa mtandaoni, zikinakiliwa na magazeti, kisha zikisomwa kwa sauti penye meza za wauza magazeti. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu Richmond. Mwezi huohuo waanzilishi wa JamiiForums walikamatwa na polisi. Sisemi kwamba mtandao ndio uliomwangusha waziri mkuu. Bunge lilifanya kazi yake, na magazeti yalifanya yao. Ninachosema ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu enzi za stensili, karani wa kawaida angeweza kumjibu waziri kwa maandishi, na jibu likabaki.

Kisha simu zikashuka bei. Maduka ya Mtaa wa Aggrey, wenye jina la mwalimu yule wa Gold Coast aliyehubiri elimu kwa Waafrika, yaligeuka kuwa lango la intaneti kwa nusu ya nchi. Mpagazi wa mkokoteni aliingia Facebook pasipo kuwahi kukaa mbele ya kompyuta.

Dola ilijibu kwa lugha tunayoifahamu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa, pamoja na mengine, kwa kutowapa polisi taarifa za wachangiaji. Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu kuomba leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni ya kwanza 1,000,000, na ya mwaka 1,000,000. Jumla yake ni shilingi 2,100,000, wakati kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka kuandika kuhusu kata yake alitakiwa kutoa mshahara wa miezi mingi ili aseme. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Migahawa ya intaneti ilitakiwa kufunga kamera.

Baadaye ada hizo zilipunguzwa, na ni haki kulitaja hilo. Lakini waandishi wadogo walikwisha kuondoka. Juni 2018 blogu nyingi za mtu mmoja zilizimika, na hazikuwa zote za siasa kali: kulikuwa na za mapishi, za ushairi, za historia ya vijiji. Waliobaki ni wenye mtaji, na mwenye mtaji ana mengi ya kupoteza anapoandika.

Wale wengine walikwenda wapi? Walikwenda uani. WhatsApp ndiyo ua wa leo: mlango unafungwa, anayeingia anajulikana na mwenye nyumba, na kinachosemwa hakisikiki barabarani mpaka mtu akitoe. Mei 2023 tuliona nguvu yake. Jumatatu ya tarehe 15 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kupinga kikosi kazi cha kodi, ukaguzi wa stakabadhi za EFD na utaratibu wa kusajili maghala. Siku ya tatu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikaa nao Mnazi Mmoja, uwanja uleule uliotengwa na mkoloni kuwa mpaka, akawasikiliza kwa saa nyingi huku televisheni na chaneli za YouTube zikirusha mubashara. Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na safari hii mgomo ukafika Mwanza, Mbeya na miji mingine. Vipeperushi vyake vilipita katika simu kabla ya kubandikwa ukutani.

Kwa maoni yangu migomo hiyo ni miongoni mwa matukio makubwa ya siasa ya mjini katika muongo huu. Na hapa ndipo kazi yangu inapoguswa. Ninapowapa wanafunzi kuandika historia ya mgomo wa Mei 2023, hurudi na habari za magazeti na video ya Mnazi Mmoja. Usiku wa Jumapili iliyotangulia hawaupati. Nani alipendekeza kufunga? Nani alipinga akihofia mkopo wa benki? Machinga, ambao hawana ghala la kusajili, walishawishiwa vipi, au walilazimishwa? Majibu yalikuwamo katika jumbe za sauti ambazo zimefutwa, au zimepotea pamoja na simu. Tumerudi mwaka 1955: tunaona umati, hatusikii hoja.

Wapo watumishi wa umma wanaoniambia kuwa kanuni zilihitajika kwa sababu ya uzushi. Uzushi upo, aliyekuwa Kariakoo wakati wa tukio lolote kubwa anajua jinsi idadi ya maiti inavyoongezeka kutoka Mtaa wa Kongo hadi Mtaa wa Sikukuu. Lakini mwenye blogu aliyejiandikisha, au hata ambaye hakujiandikisha lakini ana ukurasa wa wazi, anaweza kujibiwa na kusahihishwa palepale. Ujumbe wa sauti uliosambazwa mara elfu hauna wa kumjibu. Kanuni za 2018 ziliwaelemea zaidi wale waliokuwa tayari kuonekana. Nawaambia pia marafiki zangu wanaharakati kwamba ua nao una mabwana wake. Kiongozi wa kundi la WhatsApp humwondoa ampendaye kumwondoa, na hakuna mahakama ya kukata rufaa.

Kuna tofauti moja na mwaka 1958 inayonisumbua kuliko zote. Wahariri wa Mwafrika walipofungwa jela, matoleo yaliyokwisha kuuzwa yalibaki vitandani na kwenye masanduku ya watu. Gazeti lililofungiwa jana halifuti la juzi. JamiiForums ilipozimwa Juni 2018, mijadala yake ya miaka 12 ilizimika pamoja nayo mpaka iliporejea. Septemba 2025 leseni yake ilisimamishwa kwa siku 90. Mtandao wa X ulikuwa umezuiwa tangu Mei ya mwaka huo, na tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Amri ya siku moja sasa inaweza kuziba kinywa cha leo na kuficha maneno ya mwongo mzima kwa pamoja. Mkoloni hakuwa na uwezo huo.

Sheria zetu zinamtaka mchapaji wa vitabu apeleke nakala maktaba ya taifa. Hakuna chombo cha umma kinachotunza blogu za Kiswahili za 2004 hadi 2018, ingawa ndizo kumbukumbu pana kuliko zote za jinsi Watanzania wasio viongozi walivyojadili nchi yao kwa maandishi. Nyingine zimekwisha kupotea kwa sababu nyepesi kabisa: mwenyewe hakulipia anwani, au amefariki na hakuna anayejua nywila yake.

Muhula huu tumeanza na lililo karibu. Wanafunzi sita wanapita madukani, kwa ridhaa ya wenye maduka na kwa kuficha majina, wakiomba kusikiliza kilichobaki katika simu kuhusu Mei 2023 na kuandika kumbukumbu za wanaokubali kuzungumza. Wengi wanakataa, na sababu zao zinaeleweka. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alituonyesha simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ambayo bado haijawaka. Fundi wa Aggrey amesema turudi Alhamisi.